Nyuki Wakubwa au Nyuki Wadogo: Chagua Kabla Hujanunua Mbao

Kwa Kiswahili nyuki ni nyuki. Mwenye mwiba na asiye na mwiba wote tunawaita hivyo, na tukitaka kuwatenganisha tunaongeza neno moja tu: wakubwa, wadogo. Kiingereza kimebana zaidi. Neno "honeybee" halitaji kila nyuki anayetengeneza asali. Linataja jenasi moja, Apis, na huku kwetu jenasi hiyo ina spishi moja tu, Apis mellifera. Nyuki wadogo wanaoingia kwenye nyufa za ukuta na mashimo ya miti, wanaotoa asali chachu inayonyweka kama juisi, hawamo ndani ya neno hilo hata kidogo. Unaweza kuona ni mambo ya kamusi. Siku utakapopeleka asali kwa mnunuzi anayesafirisha nje, utakuta yameandikwa kwenye viwango anavyotakiwa kutimiza.

Kwa mtu wa kanda ya kati ya Tanzania, awe wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Kondoa au Manyoni, anayetaka kuanza, maswali ya kujibu kwanza ni mawili: mzinga utakaa wapi, na asali itauzwa kwa jina gani. Wengi huanza na la tatu, bei ya lita, na ndilo linalowapoteza.

Ni nani hasa

Nyuki wakubwa wa kanda ya kati ni jamii inayoitwa scutellata, nyuki wa nyanda kavu za Afrika Mashariki na Kusini. Wana hasira za haraka, wanazaana upesi mvua zikianza, na hawaoni tabu kuhama. Mwaka 1956 malkia wa jamii hii walichukuliwa Afrika Kusini na Tanganyika, wakapelekwa Brazili kwa utafiti. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na uzao wao ukasambaa hadi Marekani, ambako magazeti yamewapa sifa mbaya kweli. Tunalisema hili kwa sababu moja: vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya. Ukikuta kitabu kinachokushauri ukague mzinga saa sita mchana ukiwa na shati la mikono mifupi, kiweke pembeni.

Nyuki wadogo si aina moja. Wapo Hypotrigona, wadogo kama mbu, milimita 2 hadi 3, ambao kundi lao zima linatosha ndani ya kibuyu. Wapo Meliponula, wakubwa kiasi, milimita 5 hadi 7, na hawa ndio wenye asali ya kupimika. Halafu wapo Plebeina wanaokaa ndani ya vichuguu vya mchwa. Hao wa kichuguu usianze nao. Kiota chao kiko chini ya udongo mgumu, na mara nyingi kinavunjika kabla hujakifikia.

Mahali: hapa ndipo uamuzi ulipo

Mzinga wa nyuki wakubwa unahitaji umbali. Chukua mita 200 kutoka nyumba, barabara na kisima kama kiwango cha chini kabisa. Palipo na shule, mnada au njia ya mifugo, fikisha mita 500. Kiwanja cha mjini Dodoma, iwe Ipagala au Nkuhungu, hakifai hata kama una ukuta mrefu. Nyuki mmoja akichoma anaacha mwiba ukiwa na kifuko cha sumu, na harufu inayotoka pale, inayofanana na ya ndizi mbivu, inawaita wenzake waje mahali hapo hapo. Wanaokufa mara nyingi ni mbuzi na punda waliofungwa kamba, kwa kuwa hawawezi kukimbia. Ukifuga nyuki wakubwa, mweleze jirani mwenye mifugo siku unayorina. Usimwachie agundue mwenyewe.

Aliyechomwa akwangue mwiba haraka kwa ukucha na aondoke pale, aingie ndani ya nyumba na kufunga mlango. Akivimba midomo, akikosa pumzi au akishikwa na kizunguzungu, ni hospitali mara moja, si kusubiri mpaka kesho. Mtoto mdogo aliyechomwa mara nyingi apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Nyuki wadogo unaweza kuwatundika chini ya upenu wa nyumba, mita moja na nusu kutoka jikoni. Hawana mwiba wa kuchoma. Wakikasirika wanaingia kwenye nywele, masikio na macho, wanang'ata na kupaka utomvu. Inakera, lakini hakuna anayelazwa. Mama mwenye watoto wadogo, mzee asiyeweza kutembea hadi porini, mwenye bustani ya matikiti au matango nyuma ya nyumba: hawa jibu lao liko wazi.

Ila kuna upande wa pili wa umbali ambao watu hawauhesabu. Nyuki mkubwa anaruka kilomita 3 na zaidi kutafuta maua, hivyo mzinga ulioko pembeni mwa msitu unaweza kufaidi alizeti ya kijiji cha jirani. Nyuki mdogo wa Hypotrigona anaishia mita mia chache tu. Kama eneo lako ni mchanga mtupu wenye miarobaini miwili, atakufa njaa mwezi wa Septemba huku msitu wenye maua uko kilomita 2 mbali naye. Kabla ya kuleta wadogo, zunguka duara la mita 300 kutoka mahali pa mzinga, uhesabu kinachochanua Mei hadi Novemba. Ukikosa miti au mimea mitano ya aina tofauti, panda kwanza.

Joto, maji na ukame

Dodoma hupata mvua milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ndiyo inayoamua kama utakuwa na kundi mwakani.

Nyuki wakubwa hushusha joto la mzinga wao kwa kubeba maji na kuyapepea, ili majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, yabaki kwenye nyuzi 34 au 35. Wakikosa maji wanafanya mambo mawili: wanavamia bomba la kijiji, au wanahama. Weka beseni la maji ndani ya mita 200 za manzuki, yaani mahali palipo na mizinga, na ndani ya beseni mawe au vijiti vya kutua ili wasizame. Liweke mapema, mwezi wa Mei au Juni. Wakishazoea bomba la jirani ni kazi sana kuwahamisha, hata ukiwawekea maji masafi zaidi.

Nyuki wadogo hawahami ovyo. Malkia wao akishaanza kutaga tumbo linakuwa zito na hawezi tena kuruka, kwa hiyo kundi likishakaa limekaa. Hiyo ndiyo faida yao kubwa katika nchi kavu, lakini ndiyo inayowaua pia: joto likizidi ndani ya kisanduku chembamba juani, hawana pa kwenda, nta inalainika, vijungu vya asali vinapasuka na siafu wanakuja. Tumia mbao yenye unene wa sentimita 3 hadi 4, kivuli cha siku nzima, na mlango usielekee magharibi. Kisanduku cha plaiwudi hakifai Dodoma.

Chakula cha dharura: kwa wakubwa, kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, iwekwe ndani ya mzinga jioni. Ukiiweka nje au kuimwaga, makundi mengine yatakuja kupora na kuuana. Maua yanapoanza, acha kulisha, la sivyo utarina sukari yako mwenyewe na kuiuza kwa jina la asali. Kwa wadogo, kifuniko cha chupa chenye sharubati kidogo na vijiti kinatosha.

Kupata kundi

Kwa nyuki wakubwa, mzinga mtupu unajitafutia wenyewe. Tundika kabla ya msimu wa makundi kugawanyika, mvua zikianza au maua yakikaribia. Yeyusha nta, paka mstari mwembamba katikati ya kila papi (kibao cha juu ambacho nyuki huning'inizia sega), na sugua mlangoni. Kagua kila wiki mbili: buibui, mijusi na sisimizi wakiingia kwanza, nyuki hawaji. Mingine hupata wapangaji ndani ya wiki mbili, mingine hukaa msimu mzima mitupu. Ikipita miezi sita, hamisha mahali.

Wadogo hawaji hivyo. Kundi jipya hujengwa taratibu, vibarua (nyuki wafanyakazi) wakisafirisha nta na chakula kutoka nyumba mama kwa siku nyingi, kwa hiyo unapaswa kuhamisha au kugawa. Kukata mti kwa ajili ya kiota kimoja ni hasara, na ndani ya hifadhi ya msitu ni kosa. Nunua kundi lililogawanywa na mfugaji mwingine, au gawa la kwako likishajaa:

Fanya asubuhi kabla jua halijawa kali. Chukua majana yaliyokomaa, yenye rangi iliyopauka, pamoja na seli moja ya malkia; ni kubwa kuliko nyingine na huwa pembeni. Yaweke kwenye kisanduku kipya *kama yalivyokuwa*, juu juu na chini chini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yai la nyuki mdogo linaelea juu ya chakula cha majimaji ndani ya seli iliyofungwa; ukigeuza, linazama na kufa, na huoni kosa hadi wiki tano baadaye kundi linapopungua bila sababu. Ongeza vijungu vichache vya chavua ambavyo havijapasuka. Vilivyopasuka toa vyote, maana vinaita inzi wadogo ambao funza wao hula kiota ndani ya siku chache. Ziba nyufa kwa udongo au nta, bandika kipande cha utomvu wa mlango wa zamani kwenye mlango mpya, kisha kiweke kisanduku kipya mahali pa kile cha zamani na kile cha zamani ukisogeze mbali, ili vibarua wanaorudi waingie kwenye kipya.

Mizinga na vipimo vyake

Kwa wakubwa, mzinga wa papi za juu unawafaa wengi. Papi iwe na upana wa milimita 32. Fundi akikupa 35, ambao ni wa nyuki wa Ulaya, nyuki wetu watajenga masega yanayovuka papi mbili, na siku ya kurina utavunja kila kitu. Mpe fundi kipande cha kupimia, usimpe maneno. Tundika kwa waya, kimo cha kiuno, na paka waya oili chafu kuzuia siafu. Waya unamzuia pia nyegere, ambaye huangusha mzinga uliowekwa juu ya mawe kwa usiku mmoja.

Mzinga wa gogo bado una nafasi yake: ni wa bei ndogo na gome nene linahimili joto. Ubaya wake ni kwamba majana na asali vimechanganyika, na ukirina vibaya unaua kundi. Sanduku la fremu linatoa asali nyingi zaidi palipo na maua mengi, kama misitu ya Manyoni na Itigi kuelekea hifadhi ya nyuki ya Aghondi, lakini linadai mashine ya kukamulia, na mashine hiyo haina maana kwa mizinga mitano.

Kwa wadogo, ujazo ndio muhimu: lita 1 hadi 2 kwa Hypotrigona, lita 6 hadi 10 kwa Meliponula. Kisanduku kikubwa kupita kiasi hakiwapi nafasi ya kukua. Kinawapa pembe wasizoweza kulinda.

Kurina, na hesabu yake

Mavuno makubwa huangukia baada ya mvua, Mei hadi Julai. Nyuki wakubwa hurinwa jioni, watu wawili, mavazi kamili, bomba la moshi likiwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe au maranda. Plastiki na mafuta ya taa huacha harufu ndani ya asali ambayo haitoki tena. Toa masega yaliyofungwa kwa nta angalau robo tatu. Sega lenye majana rudisha. Acha masega ya asali yasiyopungua mawili au matatu kila upande wa majana. Mwenye tamaa ya kuyachukua yote hujikuta na mzinga mtupu Agosti.

Kwa wadogo, asali iko kwenye vijungu vya nta na utomvu. Toboa kijungu juu, vuta kwa bomba la sindano jipya la mililita 50 lisilo na sindano, acha nusu. Kazi inaisha dakika kumi, mchana, bila moshi.

Sasa hesabu. Mzinga wa papi uliokaa vizuri, mwaka mzuri, hutoa kilo 10 hadi 20. Mizinga 20 kwa wastani wa 15 ni kilo 300. Asali ina uzito wa kama kilo 1.4 kwa lita, kwa hiyo hizo ni ndoo kumi na kidogo za lita 20, pamoja na nta. Visanduku 20 vya Meliponula, kwa wastani wa lita 1, vinakupa ndoo moja. Ya Hypotrigona pengine hata hiyo hufikishi. Asali ya wadogo kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya wakubwa, lakini ili ilingane kwa pato bei yake lazima iwe mara kumi. Anayekuambia utatajirika kwa nyuki wadogo mwombe akuonyeshe hesabu hiyo. Kinachowatetea ni gharama: hakuna mavazi, bomba la moshi, shamba wala usafiri wa kwenda porini, na mwaka wa ukame kundi bado lipo.

Asali yenyewe, na jina lake

Hapa tunarudi kwenye lile neno. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kinaeleza asali kuwa kitu kitamu kinachotengenezwa na "honey bees", na kinataka maji yasizidi asilimia 20. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2001, umetaja kabisa jina la Apis mellifera. Asali ya nyuki wadogo kwa kawaida ina maji asilimia 25 hadi 35. Imefeli mara mbili: kwa maji yake, na kwa jina la mwenye nayo. Si kwamba ni mbovu. Ni kwamba kwa mnunuzi wa aina hiyo, kwenye karatasi, si asali.

Kwa hiyo mwenye mpango wa kuuza kwa kampuni zinazosafirisha afuge wakubwa, anunue kipima unyevu na asikubali ndoo yenye maji yanayozidi asilimia 20. Inayozidi huchacha: povu, kifuniko kuvimba, harufu ya pombe. Sababu mara nyingi ni masega yasiyofungwa, au ndoo iliyoachwa wazi usiku wa mvua. Usiichemshe kuipunguza maji. Ikipita nyuzi 40 kwa muda inaharibika kwa namna ambayo maabara wataiona hata kama ulimi hauioni.

Mwenye nyuki wadogo auze karibu na nyumbani, kwa watu wanaoijua ladha yake chachu. Iwekwe kwenye chupa ya kioo, chupa isijazwe hadi shingoni, ikae kwenye friji, na mnunuzi aambiwe mapema kwamba itatoa gesi kidogo. Usiitangaze kama dawa ya kila kitu. Na usiichanganye na ya wakubwa ili "ijae": unaharibu zote mbili, kwa kuwa maji ya moja yanachachusha nyingine.

Kabla ya kutundika chochote pita kwa afisa nyuki wa halmashauri yako. Ufugaji una sheria yake ya mwaka 2002, na kwenye misitu ya serikali kibali ni cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Lebo za Kiingereza ndizo zinazotushangaza zaidi. Ya wakubwa andika "honey" tu, inatosha. Ya wadogo andika "stingless bee honey", yote matatu, bila kufupisha. Kama unataka kuandika jina la mdudu, kamusi nyingi huliunganisha, "honeybee", na wataalamu wa wadudu hulitenganisha, "honey bee", kwa hoja kwamba kweli ni nyuki, tofauti na kipepeo ambaye kwa Kiingereza anaitwa "butterfly" ingawa si inzi ("fly"). Chagua moja, ulitumie kwenye lebo zote. Hata Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi ya viumbe, hakutulia: mwaka 1758 alimwita mellifera, mbeba asali, mwaka 1761 akajaribu kubadili kuwa mellifica, mtengeneza asali, ambalo kwa kweli ndilo sahihi zaidi, maana nyuki hubeba nekta na asali huitengeneza nyumbani. Jina la kwanza likabaki kwa kanuni ya aliyetangulia. Na picha: yule nyuki mnene mwenye manyoya na mistari minene ambaye wachora lebo humtoa kwenye intaneti haishi Tanzania kabisa. Mwambie mchoraji ampige picha aliyeko mzingani kwako.